Kanuni Zilizopatikana kwa Gharama: Safari ya Usalama wa Kompyuta, 1961 hadi 1988

Mwaka 1962, Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, Massachusetts, alikuwa amebanwa na muda. Miezi michache tu kabla ya hapo, Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake chuoni hapo walikuwa wameonyesha kwa mara ya kwanza mfumo walioubuni, CTSS. Zamani kompyuta kubwa ilimhudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na wengine walipanga foleni na kadi zao zilizotobolewa. CTSS iliwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwenye mashine yake ya taipu. Kwa kuwa mafaili ya wote yalihifadhiwa mahali pamoja, kila mtumiaji alipewa nywila yake. Alipangiwa pia saa zake kwa wiki, na zikiisha hana budi kusubiri.

Scherr alikuwa anapima utendaji wa mfumo huohuo kwa ajili ya tasnifu yake, na saa alizopangiwa hazikumtosha. Akaona upenyo. Mfumo uliruhusu mtu kuomba faili lichapishwe: unapeleka kadi yenye jina la faili unalolitaka, na wahudumu wa mashine wanakuchapia. Ijumaa jioni alipeleka kadi ya kuomba faili lenye nywila za watumiaji wote. Jumamosi asubuhi akaenda kwenye kabati la karatasi zilizochapishwa, akaikuta orodha yake, akaichukua. Kuanzia hapo, saa zake zikimwishia, aliingia kwa nywila za wenzake. Siri hiyo aliitunza kwa takriban robo karne kabla ya kuikiri mwenyewe.

Hakuvunja kitu. Hakuandika programu ya ujanja. Aliomba, akapewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuambia mfumo kwamba faili hilo halistahili kutolewa kwa kila anayeliomba. Katika kitendo hicho kimoja kuna somo ambalo wataalamu walihitaji miaka mingi kuliandika kwa maneno, na ambalo mpaka leo linafundishwa darasani katika wiki ya kwanza.

Miaka michache baadaye CTSS ilitoa somo la pili. Programu ya kuhariri maandishi ilikuwa na desturi ya kuweka nakala ya muda yenye jina lilelile kila mara, kwa sababu walioiandika walidhani katika sehemu moja ya mafaili atafanya kazi mtu mmoja tu. Siku moja wasimamizi wawili waliitumia kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa anarekebisha tangazo linalowatokea watumiaji wanapoingia, mwingine anarekebisha faili la nywila. Nakala zao zikabadilishana. Kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya nywila za watu wote ikijichapa kwenye karatasi mbele yake, hadi mtumiaji mmoja alipoamua kuuangusha mfumo kwa makusudi ili orodha isiendelee kusambaa. Corbató alikisimulia kisa hicho hadharani katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing ya mwaka 1990.

Wabunifu wa CTSS hawakuwa wazembe. Walikuwa miongoni mwa wahandisi hodari kuliko wote wa zama zao. Walichokosa ni kanuni, kwa sababu hazikuwapo bado. Ilibidi zitafutwe, na kila moja ilipatikana baada ya mtu kuumia.

Kutoka visa hadi kanuni

Jeshi la Marekani ndilo lililokuwa la kwanza kuingiwa na hofu. Kompyuta za kushirikiana zilikuwa nafuu, lakini nani angeweka nyaraka za siri kwenye mashine moja na watu wasioruhusiwa kuziona? Mwaka 1967 Willis Ware, mhandisi wa taasisi ya RAND, aliwaeleza wataalamu wenzake mkutanoni kwamba mfumo unaotumiwa na wengi kutoka mbali hauna ulinzi wa kuaminika. Akakabidhiwa kamati ya kulichunguza tatizo hilo, na ripoti yake ikatoka mwaka 1970. Ilionyesha kwamba hatari hazikai kwenye kompyuta peke yake. Ziko kwenye nyaya, kwa waendeshaji, kwa mafundi, kwa waandishi wa programu na kwa watumiaji wenyewe. Ripoti hiyo ilifungiwa kama siri ya serikali hadi mwaka 1975, na kwa muda wote huo waliokuwa wakijenga mifumo ya kiraia hawakuweza kuisoma.

Mwaka huohuo wa 1975 ndipo kazi kubwa zaidi ilipochapishwa. Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT walikuwa wamefanya kazi kwa miaka kwenye Multics, mfumo uliorithi mikoba ya CTSS. Katika makala yao kuhusu kulinda taarifa ndani ya kompyuta walikusanya kanuni nane za usanifu. Hazikuwa za mashine fulani wala za lugha fulani ya programu, na ndiyo maana zimeishi hadi leo.

Ya kwanza ni kwamba kinga iwe nyepesi na fupi, ili mtu aweze kuikagua yote. Ya pili, hali ya kawaida iwe kukatazwa: mtu asiweze kufanya jambo mpaka aruhusiwe waziwazi. Ya tatu, kila ombi likaguliwe, kila mara, bila kutegemea kwamba jana mwombaji alikuwa mtu mwema. Ya nne, usanifu usitegemee usiri. Siri ibaki kwenye ufunguo peke yake. Wazo hili Auguste Kerckhoffs alikuwa amelisema kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi tangu mwaka 1883. Ya tano, jambo zito lihitaji funguo mbili zilizo mikononi mwa watu wawili. Ya sita, kila mtu na kila programu ipewe uwezo wa kufanya kazi yake tu na usizidi hapo. Ya saba, vitu vinavyotumiwa na watu wote kwa pamoja viwe vichache. Ya nane, kinga iwe rahisi kuitumia, kwa maana ikiwa kero watu wataikwepa.

Ukizisoma kanuni hizi huku ukivikumbuka visa vya CTSS, unaona zilikotoka. Faili la Scherr lilitolewa kwa sababu kuruhusu ndiko kulikuwa kawaida. Tangazo na nywila zilibadilishana kwa sababu wasimamizi wawili walitumia kwa pamoja kitu kimoja ambacho kila mmoja alipaswa kuwa nacho peke yake.

Nywila elfu tatu

Suala la nywila lilikuwa na njia yake. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ndiko Roger Needham alikopendekeza katika miaka ya 1960 kwamba kompyuta isihifadhi nywila kabisa. Ihifadhi matokeo ya hesabu iliyofanyiwa nywila, hesabu ambayo ni rahisi kwenda mbele na ni vigumu mno kurudi nyuma. Mtu akiingia, mashine inarudia hesabu na kulinganisha matokeo. Mwizi akiiba faili, anaondoka na matokeo yasiyofunguka kirahisi.

Wabunifu wa mfumo wa Unix katika maabara za Bell waliichukua njia hiyo, kisha wakaipima. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha makala fupi iliyoeleza historia ya nywila za mfumo wao. Walikuwa wamekusanya nywila 3,289 za watumiaji halisi. Kati yake, 15 zilikuwa herufi moja tu. Nyingine 72 zilikuwa za herufi mbili, 464 za herufi tatu, 477 za herufi nne. Walipojumlisha zilizokuwa fupi mno na zilizopatikana kwenye kamusi au orodha za majina, walifikia nywila 2,831, yaani asilimia 86. Mtu mvumilivu mwenye kompyuta ya kawaida angezikisia.

Wakapendekeza mambo mawili. La kwanza, hesabu ya kusimba nywila ifanywe kuwa nzito na ya polepole, ili kukisia mara nyingi kuwe na gharama. La pili, kila nywila ichanganywe na namba ya nasibu kabla ya kusimbwa, ili watu wawili wenye nywila moja wasitoe matokeo yanayofanana, na mwizi asiweze kuandaa kamusi moja ya kuwavunja wote. Mbinu hizo mbili bado ni msingi wa kila mfumo mzuri wa nywila. Msomaji alishike jina la Robert Morris. Litarudi katika simulizi hii kwa namna ya kuhuzunisha.

Mtandao wa watu wanaoaminiana

Wakati haya yakiendelea, kompyuta zilikuwa zimeanza kuunganishwa. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza wa mtandao wa ARPANET ulitoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford. Mtandao uliunganisha vyuo na maabara ambazo watafiti wake walifahamiana kwa majina. Walioujenga walishughulikia jinsi ujumbe utakavyofika hata kama njia moja imekatika. Swali la kama aliyetuma ujumbe ni yule anayedai kuwa halikuwa juu kwenye orodha yao.

Desemba 1973 Bob Metcalfe, mmoja wa wajenzi wa mtandao huo, aliwaandikia wenzake waraka wa tahadhari. Alisema kila kituo kimezoea kulindwa na kuta za jengo lake, hivyo watu wanatumia nywila zinazokisiwa kirahisi, na sasa kuta hizo hazipo tena. Alisema namba za simu za kuingilia mtandaoni zinajulikana na watu wengi mno. Alitaja mifumo mikubwa iliyoanguka katika mazingira ya kutia shaka, na mwingine ambao nywila yake ya msimamizi ilikuwa imeangukia mikononi mwa wanafunzi wawili wa sekondari wa Los Angeles. Waraka ulisomwa, na mambo yakaendelea kama zamani.

Miaka kumi na mitatu baadaye, Agosti 1986, Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyekuwa akisimamia kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, alipewa kazi ndogo. Hesabu za matumizi ya kompyuta zilikuwa zimepishana kwa senti 75. Angeweza kuzipuuza. Alifuatilia, akakuta mtumiaji asiye na anwani ya kupelekewa bili, kisha mgeni aliyekuwa amejipa uwezo wa msimamizi kupitia kasoro ya programu moja ya kuhamisha barua pepe. Programu hiyo ilikuwa imewekwa na haki kubwa kuliko kazi iliyokuwa inaifanya.

Stoll hakumfukuza mgeni wake. Alikusanya printa na kuziunganisha kwenye laini za simu zinazoingia maabara, ili kila herufi ambayo mgeni angeiandika ichapwe bila yeye kujua. Karatasi hizo zilimwonyesha mtu anayezunguka mtandao mzima akibisha kila mlango. Kwa jumla alijaribu kompyuta takriban 450, nyingi za kijeshi, na kufanikiwa kuingia katika zaidi ya 30. Mbinu yake kuu haikuhitaji kipaji: alijaribu majina na nywila ambazo watengenezaji huziweka kiwandani na wanunuzi hawazibadilishi.

Ili mgeni akae mtandaoni muda wa kutosha simu yake ifuatiliwe, mapema mwaka 1987 Stoll alimwekea nyaraka za uongo kuhusu mradi wa kijeshi usiokuwapo. Mtego ulinasa. Njia ilielekea Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa Markus Hess, aliyekuwa sehemu ya kikundi kilichoiuzia KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti, taarifa za kompyuta za Marekani. Mwaka 1990 mahakama ya Ujerumani iliwapa yeye na wenzake vifungo vya nje. Senti 75 zilikuwa zimefichua ujasusi wa kimataifa kwa sababu mtu mmoja aliiheshimu kumbukumbu ya matumizi ya mashine yake.

Usiku wa Novemba

Stoll alichapisha taarifa ya uchunguzi wake Mei 1988. Miezi sita baadaye, jioni ya Jumatano tarehe 2 Novemba, kompyuta za vyuo vikuu vya Marekani zilianza kuzidiwa. Wasimamizi waliona programu wasizozijua zikiongezeka, wakaziua, zikarudi. Mashine nyingine zilikwama kabisa. Usiku huohuo, ujumbe ulisambazwa kutoka kituo cha Ames cha NASA kwamba mtandao unashambuliwa na kwamba Berkeley, San Diego, Livermore na Stanford zimeshapigwa.

Ulikuwa ni mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine bila mtu kuibeba. Njia zake za kuingilia ni za kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kila moja ilivunja kanuni iliyokuwa imeshaandikwa.

Njia ya kwanza ilikuwa programu ya kusambaza barua pepe, sendmail. Ilikuwa na hali maalumu ya majaribio iliyomruhusu mtu wa mbali kuagiza amri zitekelezwe. Hali hiyo ilipaswa kuzimwa kabla ya programu kutolewa kwa watumiaji, lakini katika kompyuta nyingi ilibaki wazi. Hapo kuruhusu ndiko kulikuwa kawaida.

Njia ya pili ilikuwa programu ndogo iitwayo finger, iliyojibu maswali kuhusu nani yuko kwenye mfumo. Iliandaa nafasi ya herufi 512 katika kumbukumbu kwa ajili ya swali, na haikuhesabu herufi zilizokuwa zinaingia. Mnyoo ulituma 536. Zilizozidi zilifurika na kufunika sehemu ya kumbukumbu iliyoielekeza mashine irudi wapi baada ya kazi, na badala ya kurudi ilikotoka, mashine ikaanza kutii amri za mnyoo. Tatizo lote lilikuwa mstari mmoja wa programu uliomwamini mtumaji.

Njia ya tatu ilikuwa urafiki wa mashine. Wasimamizi walizoea kuzipanga kompyuta zao ziaminiane, ili aliyeingia kwenye moja asiulizwe nywila kwenye nyingine. Mnyoo ukiingia moja, ulikuwa umeingia zote.

Njia ya nne ilikuwa nywila. Faili la nywila zilizosimbwa liliachwa wazi kusomwa na kila mtumiaji. Mnyoo ulilisoma, ukajaribu jina la mtumiaji lenyewe, jina hilo likigeuzwa nyuma mbele, kisha orodha ya maneno 432 uliyoibeba, kisha kamusi ya mashine. Ilikuwa karibu kazi ileile ambayo Robert Morris na Thompson walikuwa wameifanya miaka tisa kabla ili kuonya. Na aliyeuandika mnyoo alikuwa Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Cornell, mwenye umri wa miaka 22. Alikuwa mtoto wa Robert Morris huyo, ambaye wakati huo alikuwa mwanasayansi mkuu wa kituo cha serikali ya Marekani cha usalama wa kompyuta.

Kijana hakukusudia kufuta mafaili, na mnyoo haukufuta. Aliuachia kutokea kompyuta ya MIT ili asijulikane, na mahakamani ilielezwa kwamba alitaka kuonyesha udhaifu wa ulinzi uliokuwapo. Alikuwa ameuelekeza uulize kama mashine imeshaambukizwa. Akihofia wasimamizi wangeuhadaa kwa jibu la uongo, aliuagiza ujinakili mara moja katika kila majibu saba ya ndiyo. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno. Mashine moja iliambukizwa tena na tena hadi ikaelemewa. Kijana alipoona yanayotokea, rafiki yake wa Harvard alituma ujumbe usio na jina wa kuomba radhi na kueleza namna ya kuuzuia, lakini njia za mtandao zilikuwa zimeziba, na ujumbe ukafika kwa kuchelewa.

Kadirio lililotumika sana lilikuwa kompyuta 6,000 kati ya takriban 60,000 zilizounganishwa. Waliookoa jahazi ni wasimamizi na wanafunzi wa Berkeley, MIT, Purdue na kwingineko, waliokesha wakiuchambua mnyoo na kupeana viraka vya kuziba kasoro kabla ya siku mbili kwisha. Waliofanikiwa mapema walikuwa waliofahamiana na kupigiana simu. Waliochomoa waya na kujitenga walijikinga, lakini walikosa pia taarifa za dawa.

Januari 1990 baraza la wazee wa mahakama huko Syracuse, New York, lilimtia Morris hatiani chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 1986. Alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi nje ya gereza, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Kumbukumbu za rufaa zinaonyesha kwamba kila kituo kilichopigwa kilipata gharama kati ya dola 200 na zaidi ya 53,000.

Urithi uliotufikia

Kabla ya mwaka 1988 kwisha, serikali ya Marekani ilianzisha kikosi cha kuratibu dharura za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kilichojulikana kama CERT. Mfano wake ukaenea duniani. Tanzania ina TZ-CERT ndani ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kenya ina KE-CIRT chini ya mamlaka yake ya mawasiliano. Vikosi hivi viwili ni uzao wa usiku ule wa Novemba, na kazi yao ni ileile iliyofanywa kwa simu na watu waliofahamiana: kupokea taarifa ya shambulio na kuifikisha kwa wengine kabla hawajapigwa.

Mafunzo ya kiufundi nayo yalifanyiwa kazi. Faili la nywila likafichwa, milango isiyotumika ikafungwa, nafasi za kumbukumbu zikaanza kupimwa. Lakini tarehe 12 Mei 2017 mnyoo mwingine, WannaCry, ulisimamisha shughuli katika hospitali nyingi za Uingereza na kuenea katika nchi takriban 150. Kiraka cha kasoro iliyotumiwa kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi. Kwa miezi miwili dawa ilikuwapo, na mashine zilizopigwa hazikuwa zimenyweshwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Historia hii inanifanya nimwombe kitu kila mwalimu na kila kijana anayeanza kusoma fani hii katika vyuo vyetu. Msianzie kwenye programu za kudukua zinazobadilika kila mwaka. Anzieni kwenye kanuni nane za mwaka 1975, na kila kanuni isomwe pamoja na kisa kilichoizaa. Na ninyi mnaosimamia mifumo ya benki, hospitali, halmashauri na shule, fanyeni wiki hii mambo manne ambayo wavamizi wa simulizi hii waliyakuta hayajafanywa: zimeni huduma msizozitumia, badilisheni nywila za kiwandani, wekeni viraka vilivyokwisha kutolewa, na mpeni kila mtumishi uwezo unaolingana na kazi yake. Kanuni hizi zimeshalipiwa na waliotutangulia. Hatuna sababu ya kuzilipia upya.